Malkia Asiyesema: Kuusikiliza "Killer Queen" kwa Sikio la Taarab

Kila siku watu husimama mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, mbele ya nyumba ya kumbukumbu ya Freddie Mercury, wakapiga picha na kwenda zao. Wengi wao wanajua kwamba alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, na kwamba familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Nyimbo zake ndizo zisizoulizwa. Hupigwa hotelini na kwenye simu, kibwagizo kikashikwa kwa sauti tu, na maana ikabaki nje kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani.

Tuuchukue mmoja, "Killer Queen". Aliutunga yeye mwenyewe, ukatoka Oktoba 1974 na kuingia katika albamu ya Sheer Heart Attack ya bendi ya Queen. Ulifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 12 Marekani, na ndio uliolipeleka jina la bendi hiyo mbali kwa mara ya kwanza. Ni wimbo wa dakika tatu tu, kuhusu mwanamke anayewatia watu wazimu. Kwa kawaida hutajwa kuwa wimbo wa kumtukuza mwanamke mwenye nguvu. Msikilizaji aliyelelewa na taarab ana vifaa vizuri vya kulipima dai hilo, pengine kuliko mashabiki wengi wa roki, kwa sababu taarab imemzoesha kuuliza jambo ambalo roki hailiulizi mara nyingi: mdomo ni wa nani?

Kwenye taarab hilo ndilo swali la mwanzo. Kabla ya kujua waridi ni nani na mwiba ni nani, ukumbi hutaka kujua anayesema ni nani, anasema na nani, na anayesemwa ameketi wapi. Hao ni watu watatu, na mara nyingi mmoja kati yao hatajwi. Fumbo zima hukaa kwa huyo asiyetajwa.

Anza basi na kazi ndogo ya karatasi. Usikilize wimbo mara moja bila kuandika chochote. Mara ya pili chora mistari mitatu ya kusimama na kuandika juu yake "mimi", "wewe" na "yeye". Kila nafsi inapotajwa, tia alama. Kwenye "Killer Queen" safu ya "yeye" itajaa, safu ya "wewe" itapata alama chache zenye uzito, na safu ya "mimi" itabaki nyeupe. Hakuna mtu katika wimbo huu anayesema kwamba anampenda mwanamke huyu, wala kwamba amelala na njaa kwa ajili yake. Kwa wimbo wa tamaa hilo ni jambo la ajabu. Nyimbo nyingi za mapenzi, za kwetu na za kwao, zimesimama juu ya "mimi" anayelia.

Hapa Kiswahili kinatuwekea mtego na kutupa msaada papo hapo. Mtego ni kwamba kiambishi chetu "a-" hakina jinsia. Kiingereza kinasema tangu neno la kwanza kwamba anayesemwa ni mwanamke, na kinalirudia hilo kila mstari. Ukiutafsiri wimbo huu kwa "ana", "anaweka", "anasema", jinsia inapotea, na itabidi uirudishe kwa neno kama bibi au malkia. Wengi huisahau kazi hiyo, kisha wanashangaa mbona tafsiri yao imepooza. Na msaada ni huo huo mtego. Washairi wetu wamekitumia kiambishi hicho karne nzima kuficha ni nani anayempenda nani, hata shairi moja likaweza kuimbwa na mwanamume leo na mwanamke kesho bila kubadilishwa herufi. Kwa hiyo sikio letu halidanganyiki kirahisi na swali la jinsia ya mtunzi. Ni kawaida kabisa kwenye taarab shairi kutungwa na mwanamume na kuimbwa na mwanamke. Kinachoamua ni nafsi iliyomo ndani ya shairi na mtu anayesimama kulitoa.

Pima mwenyewe kwa mshororo huu wa mizani kumi na sita, tulioutunga kwa jaribio hili tu:

Ana moto kifuani, mgusaji huungua.

Badilisha silabi ya kwanza peke yake. "Una moto kifuani" ni mtongozo, au malalamiko ya aliyekwisha kuungua. "Nina moto kifuani" ni majigambo, au onyo. "Ana moto kifuani" ni habari inayopelekwa kwa mtu wa tatu, na hapo lazima uulize: kwa nini unaniambia mimi? Unanikinga, au unanitamanisha?

"Killer Queen" yote imesemwa kwa "ana". Na sababu ya kutuambia haikufichwa sana. Tazama maneno yanayomzunguka mwanamke huyu: ana dhamana ya kufanya kazi, anapendekezwa kwa bei yake, hamu yake haishi, anapatikana wakati wowote, na mwishowe msikilizaji anaulizwa kama angependa kujaribu. Toa muziki, uyasome kwa sauti ya kawaida, na mtu wa hapa ataijua sauti hiyo mara moja. Ni sauti ya dalali. Ndivyo kitu kinavyonadiwa mnadani: sifa, uimara, bei, kisha "haya, nani anaongeza?" Na kwa kuwa kinachonadiwa ni mtu, Kiswahili kina jina lililo wazi zaidi kwa msemaji wa namna hii, nalo ni kuwadi.

Hilo halipingani na alivyosema mtunzi. Wakati wimbo unatoka, Mercury aliwaeleza waandishi kwamba ni habari ya kahaba wa tabaka la juu, akaongeza kwamba angependa kila msikilizaji aufasiri anavyoona. Kauli ya mtunzi ni ushahidi mzuri, na hapa inatuambia mwanamke ni nani. Haituambii msemaji ni nani. Jibu hilo limo ndani ya maneno, nasi tumelifikia kwa kuhesabu nafsi.

Kosa linaloharibu ufafanuzi wa nyimbo za mtu huyu kuliko makosa mengine yote ni kuifanya kila nyimbo yake kuwa shajara. Kwa kuwa maisha yake yameandikwa sana tangu alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, watu huchukua tukio la maisha na kulibandika kwenye mstari, kazi ikaisha. Taarab ingetufunza adabu tofauti. Mwimbaji wa taarab akiimba kwamba ameachwa, hakuna anayekimbilia nyumbani kwake kuuliza kama mume yupo.

Tuje sasa kwenye kabati. Wimbo unafungua kwa kusema kwamba mwanamke huyu anaweka shampeni ya fahari ndani ya kabati lake zuri. Kisha inafuata orodha: mayai ya samaki ya bei kubwa, sigara, adabu za mezani, manukato kutoka Paris, na dharau kwa magari. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina kabati la vioo sebuleni, na kila mtu anajua vyombo vilivyomo ni vya nini. Vinatazamwa na mgeni, na mgeni anakisia hadhi ya mwenye nyumba. Orodha hii inafanya kazi hiyo. Ukitaka kuona jinsi ilivyo ngumu kuitafsiri, jaribu kuihamishia kwetu: weka udi wa mawardi, kikuba cha asumini na kilua, marashi, kanga za doti zisizofunguliwa. Harufu na hadhi zinahama vizuri. Kinachopotea ni ugeni, kwa sababu kila kitu katika orodha ya Mercury kimetoka mahali pengine na kimenunuliwa kwa pesa ya mtu.

Na hapo liulizwe swali la pili: anacho nini, na anataka nini? Orodha inajaza upande wa kwanza. Upande wa pili kuna jambo moja tu, ile hamu isiyokwisha, na hilo halisemi yeye. Dalali ndiye anayesema juu yake, katika pumzi ileile inayotaja bei. Muuza samaki naye husema samaki wake wanataka kuliwa. Tamaa iliyo wazi katika wimbo huu ni ya mnunuzi, na imevishwa juu ya mwanamke ili mnunuzi asione haya.

Je, mwanamke mwenyewe hasemi kitu? Husema mara moja, beti ya kwanza, sentensi fupi: wale keki, yaani hao wasio na mkate. Wimbo unatuambia alisema hivyo kama Marie Antoinette. Huu ndio mstari unaostahili kukaliwa muda mrefu kuliko yote, na wengi huupita kwa kuuona pambo.

Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa tarehe 16 Oktoba 1793, hakuna ushahidi kwamba alisema maneno hayo. Kisa hicho kinapatikana kwa mwanafalsafa Rousseau, aliyemtaja tu binti mfalme fulani bila jina, katika maandishi ya miaka ya 1760. Wakati huo Marie Antoinette, aliyezaliwa 1755, alikuwa mtoto nchini Austria. Hakufika Ufaransa mpaka 1770, alipoolewa. Kwa Kifaransa hata keki haimo: kinachotajwa ni mkate laini wa siagi na mayai. Maneno hayo alibandikwa na watu waliotaka kumwonyesha kama mwanamke asiyejali njaa ya wengine.

Sasa liweke hilo ndani ya wimbo. Malkia wetu anapewa nafasi moja ya kufungua mdomo, na kinachotoka ni maneno ya mwanamke mwingine, ambaye naye hakuyasema. Mercury huenda alilichagua jina kwa sababu ya fahari na kina tu. Antoinette linavutana vizuri na neno la kabati. Lakini maana haingoji nia ya mtunzi. Shairi linapomwita mtu malkia, kisha likamfananisha na malkia aliyesingiziwa na kuuawa, limeacha mlango wazi, na msomaji ana haki ya kuingia. Nguvu anayopewa mwanamke kwa mdomo wa watu hunyang'anywa kwa mdomo huohuo.

Taarab ya Unguja ina historia inayokwenda kinyume na hali hii, ndiyo maana ni kipimo kizuri. Taarab ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905 kilikuwa cha wanaume wa mjini. Aliyeupeleka mdomo upande wa pili ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili kile cha mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay, wa kwanza kwa wanawake wa mwambao huu. Wimbo wake wa "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke na kuisuta mahakama ya kikoloni iliyoshindwa kutenda haki. Mwanamke aliyeuawa hawezi kusema, lakini msimulizi yuko upande wake, na anawasema wakubwa. Ukiuweka wimbo huo karibu na "Killer Queen" utaona tofauti bila kuhitaji nadharia: yote miwili imesemwa kwa "ana", lakini katika mmoja anayesimulia anadai haki, na katika mwingine anapokea kamisheni.

Kuna kitu kingine ambacho roki haina, nacho ni kutunza. Mwimbaji akiwa jukwaani, mwanamke huinuka kitini na noti mkononi, anacheza polepole kwenda mbele, na kumpa mwimbaji kwenye mstari alioungojea. Ustadi wote uko kwenye wakati. Ukitunza beti ya kwanza umesifu sauti. Ukitunza kwenye kibwagizo umesema wimbo ni wako. Ukingoja mshororo mmoja mahususi, ukainuka hapo, ukapita mbele ya kiti cha mtu fulani na kumtupia jicho, umelichukua neno la mtunzi ukalifanya tamko lako, na ukumbi mzima umejua. Mtunzi anaweza kuwa mwanamume aliyeko Mwanakwerekwe anayekunywa chai. Maana ya usiku ule si yake tena. Nguvu ya mwanamke kwenye taarab iko sakafuni kama ilivyo jukwaani. Mipasho ya taarab ya kisasa iliyoshika kasi miaka ya 1990 imekuza jambo hilo, ikapunguza fumbo na kuongeza kijembe. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu wa adabu. Kwetu hasara kubwa ni ya kiufundi: kijembe kikiwa wazi mno, hakuna nafasi ya msikilizaji kukishona kwa kipimo chake.

Kwa hiyo jaribio la tatu ni hili: unapousoma wimbo wa roki, jiulize ungetunza mstari gani, na ungetunza ukiwa nani. Ukijibu haraka, jibu litakuonyesha wimbo umekuweka kwenye kiti cha nani. "Killer Queen" inamweka msikilizaji kwenye kiti cha "wewe", mnunuzi, hata kama msikilizaji ni mwanamke. Ndiyo maana baadhi ya wanawake huuimba wote kwa furaha wakijiona wao ndio malkia, na wengine husikia kitu kikikwaruza bila kujua ni nini. Wote wawili wamesikia sawa. Wa kwanza wameufuata muziki, wa pili wameyafuata maneno.

Na muziki kweli unasema jambo jingine. Mercury alieleza kwamba hapa, kinyume na kawaida yake, maneno yalitangulia muziki. Mtu wa taarab hatashangaa, kwa kuwa shairi kutiwa muziki ni njia yetu ya kila siku. Katika kazi ya namna hiyo muziki huwa mfasiri wa kwanza wa shairi, basi tuusikilize kama mfasiri. Unaanza kwa vidole vinavyopigwa vikalia peke yake, mlio wa mtu asiye na haraka. Kisha piano inaingia kwa mwendo wa kubembea, mapigo yakihesabika kwa tatu-tatu ndani ya nne. Hakuna gitaa linalonguruma. Brian May, mpiga gitaa, alikuwa mgonjwa wakati albamu inarekodiwa. Wenzake walianza bila yeye, naye akaongeza sehemu zake baadaye. Gitaa lilipofika likakuta wimbo umekwisha kuwa na mwendo wa kike wa sebuleni, likajipanga ndani yake kwa sauti tatu zinazofuatana na kujibizana. Nyimbo nyingi za roki za miaka ile kuhusu mwanamke anayetamaniwa hulipa gitaa kazi ya kuwa mwanamume anayepiga mlango. Hapa gitaa linaongea kwa upole, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akavua viatu. Maneno yanamuuza, muziki unamstahi.

Waitikiaji nao wasikilizwe. Ni sauti za bendi zenyewe zilizorekodiwa juu kwa juu, na kazi yao ni kuthibitisha: dalali akitaja manukato, wao wanasema "bila shaka", akitoa dhamana yake, wao wanasema "wakati wowote". Kwenye taarab waitikiaji huwa ni jamii, na kuitikia kwao kunaweza kuwa ushahidi au kejeli. Hawa ni wapambe wa mnada.

Kibwagizo ndicho kinachokumbukwa, na ndicho kinachopotosha. Kinamlinganisha mwanamke na baruti, na jelatini ya mlipuko, na dainamaiti yenye mwale wa leza. Kwenye rekodi, neno la leza limetiwa mzunguko wa sauti hata likasikika kama linapinda hewani. Inasikika kama nguvu kubwa, na ni kubwa. Lakini wavuvi wa Pemba na Unguja wanaijua baruti kwa karibu: inaua samaki na kuvunja matumbawe, na haijawahi kujiwasha yenyewe. Ni nguvu isiyo na hiari. Tafuta mafumbo ambayo taarab huyatumia kwa mwanamke asiyechezewa na mara nyingi utakuta kitu chenye nia: nyuki anayechagua ua, tausi anayejua anatazamwa, bahari inayokubali chombo na kukikataa. Kitu hicho hupenda na huchukia. Baruti inasubiri kiberiti cha mtu mwingine.

Neno la jina lenyewe litafsiriwe kwa uangalifu. "Malkia muuaji" ni tafsiri ya neno kwa neno, na inatupeleka polisi. Kiswahili cha mapenzi kina kuua kwake: "utaniua", "amenimaliza", "uzuri wa kuua". Malkia anayeua watu kwa uzuri ni karibu zaidi, ingawa ni ndefu. Mahali pengine wafasiri wa haraka wanapoteleza ni pale anapotajwa kuwa na dawa ya Khrushchev na Kennedy. Hao ni kiongozi wa Umoja wa Kisovieti na rais wa Marekani, waliokaribia kuingia vitani kwa ajili ya makombora ya Kuba mwaka 1962. Wimbo unasema mwanamke huyu angewatuliza wote wawili. Kufikia 1974 Kennedy alikuwa amekufa karibu miaka 11 na Khrushchev alikuwa ameondolewa madarakani miaka 10 kabla, kwa hiyo mstari unatazama nyuma, na kumfanya mwanamke aonekane kama mtu wa hadithi za jana. Kwa msomaji aliyekulia kwenye maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, vita hivyo baridi si habari ya mbali.

Mstari unaotaja mwanamume wa China na geisha, mwanamke mtumbuizaji wa Kijapani, tuupite upesi. Unamwongezea mwanamke ugeni wa Mashariki kwa namna ambayo nyimbo za Ulaya za wakati ule zilipenda kufanya, bila kumwongezea utu.

Kuna mistari miwili, hata hivyo, ambayo dalali ameteleza ulimi. Wa kwanza ni pale anaposema kwamba ili kuepuka matatizo, mwanamke huyu hakai na anwani moja. Limetajwa kama sifa, lakini lisikilize. Mwenye dhamana, shampeni na dawa ya viongozi analazimika kuhama nyumba mara kwa mara. Anamkimbia nani? Wateja waliopagawa, wake zao, polisi? Wimbo haujibu. Ndipo pale pekee ambapo tunaona kwamba tamaa ya watu ni hatari kwake, kwa sababu aliyepagawa na mtu hukosa kujua mpaka. Kupagawa kwa "wewe" kuna gharama, na gharama hiyo analipa yeye kwa kufunga mizigo.

Wa pili uko karibu na mwisho, na ndio unaotufanya tusiufunge mjadala kwa kusema kwamba malkia hana nguvu yoyote. Anasemwa kuwa yuko tayari na mchezaji kama paka, kisha ghafla hayupo kazini, mafuta yamemwishia kwa muda, na hivyo ndivyo anavyomtia mtu wazimu. Dalali anakiri hapa jambo ambalo halimfai. Bidhaa yake ina kuzimika. Inajipa na kujinyima, kwa saa inayoijua yenyewe. Bei imetajwa na mwingine, maneno yake ni ya kusingiziwa, nguvu yake imefananishwa na kitu kisicho na hiari, lakini wakati ni wake. Makungwi wa Unguja wangeuelewa mstari huo kabla ya wahakiki. Somo anayemfunda mwari humfundisha pamoja na mengine kwamba kupatikana kila saa kunamshusha mtu thamani, na kwamba kususa kuna kipimo chake. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa mwimbaji na mfunda unyago kwa pamoja, na kazi hizo mbili kwake hazikuwa mbali. Wimbo ulikuwa mahali pa kufundishia wanawake namna ya kuimiliki tamaa, yao na ya wenzi wao, mbali na masikio ya wanaume.

Ukitaka kuona wimbo huu unaweza kuwa nini kingine, ufanyie jaribio la mwisho, ambalo linafaa kwa wimbo wowote wa aina hii. Andika muhtasari wa kila beti kwa Kiswahili, mistari minne inatosha, kisha geuza "ana" zote ziwe "nina". Usibadilishe kingine. "Nina shampeni kabatini" inakuwa majigambo. "Sikai na anwani moja" inakuwa siri, karibu kilio. "Napendekezwa kwa bei yangu" haiwezi kusimama. Mtu hajipendekezi mwenyewe, kwa hiyo sentensi itakulazimisha uiandike "bei yangu naijua", na hapo utakuwa umepata wimbo mwingine kabisa. Mahali sentensi inapokataa kugeuka ndipo mtunzi alipomwekea mwanamke mdomo wa mtu. Penye kugeuka bila shida ndipo palipobaki pake. Katika "Killer Queen", mistari ya kujizima inageuka kama maji.

Halafu usikilize mwisho wake kwa makini. Haufungi kwa pigo. Sauti inapungua kidogo kidogo huku swali likirudiwa: ungependa kujaribu? Ungependa kujaribu? Rekodi inafifia na dalali bado anaita, na malkia hajasema ndiyo wala hapana. Kwenye ukumbi wa taarab, muda kama huo, kiti kingesogea.